Tumbaku ya Mvuke

Daktari alichomeka picha mbili za eksirei kwenye ubao wa taa, moja ya Mei na nyingine ya Septemba, akaniambia nitafute tofauti. Nilitazama kwa bidii ya mwanafunzi anayetaka kumfurahisha mwalimu wake. Ufito wa chuma ulikuwa palepale. Skrubu nne zilikuwa palepale. Na ule mstari mweusi uliolikata goko langu la kushoto, ambao kwa wakati ule ulitakiwa uwe umeanza kufifia, ulikuwa palepale.

"Sioni tofauti, daktari."

"Hata mimi sioni," akasema. "Ndiyo shida yenyewe."

Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la koti lake. Alikuwa mtu mzima wa rika la baba yangu mdogo, na alikuwa na tabia ya kunyamaza kidogo kabla ya kuuliza swali. "Mwalimu, siku ulipolazwa uliandikisha kwamba huvuti sigara. Ni kweli?"

Nimesomea historia chuo kikuu, na wakati huo nilikuwa naifundisha sekondari kwa mwaka wa sita. Kila muhula huwaambia wanafunzi wangu kwamba hati si ukweli wenyewe. Hati ni kile ambacho mtu fulani alitaka kiandikwe. Faili langu la hospitali lilikuwa hati ya namna hiyo.

"Navuta," nikasema. "Kumi kwa siku. Ikizidi, kumi na tano."

Nilivunjika mwezi Mei, jioni moja ya mvua za masika, bodaboda niliyopanda ilipoteleza mbele ya pikapu karibu na Tabata. Mfupa ulitoboa ngozi ukatoka nje. Sikumbuki maumivu kama ninavyokumbuka kiatu changu kikiwa kimetazama upande usio wake. Nilifanyiwa upasuaji, nikawekewa chuma, nikarudishwa nyumbani na magongo mawili na karatasi ya maelekezo. Nyumbani ni ghorofa ya pili. Kila jioni, mtu niliyeshindwa hata kubeba kikombe changu cha chai, nilishuka ngazi zile zote kwa magongo, nikaenda chini ya mwembe penye kibanda cha muuza duka, nikanunua fegi mbili za rejareja. Niliita hayo mazoezi.

Daktari alinieleza bila kunikaripia. Mfupa uliovunjika, alisema, ni shamba jipya: kwanza damu huganda pale penye ufa, kisha mishipa midogo huota kuingia humo, kisha ndipo seli za kujenga mfupa hufika na kufanya kazi. Shamba hilo linahitaji maji, na maji yake ni damu yenye oksijeni. Nikotini hubana mishipa. Moshi huleta gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo hushikana na hemoglobini kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200. Kwa hiyo damu inafika ikiwa kidogo, na hicho kidogo kimebeba mzigo usiotakiwa. Aliniambia kuhusu utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2005, wa watu waliovunjika goko kwa jeraha la wazi kama langu. Waliokuwa wakivuta walikuwa na uwezekano pungufu kwa asilimia 37 wa mfupa wao kuunga kuliko wasiovuta kabisa. Na hatari yao ya kupata maambukizi ilikuwa zaidi ya mara mbili.

"Nakupa mpaka Desemba," akasema. "Kama hakuna kitu, tunafungua tena, tunachukua mfupa kwenye nyonga yako tunauweka hapo. Na safari hiyo sikuahidi mguu utakaokwenda darasani."

Siku tatu za kwanza nilikaa bila kuvuta, na sitaki kuzieleza sana. Nilimfokea mdogo wangu kwa sababu ya chumvi. Nililia mbele ya taarifa ya habari. Siku ya nne alikuja rafiki yangu niliyesoma naye, aliyekuwa amerudi likizo kutoka Dubai. Alitoa mfukoni kitu cha plastiki chenye ukubwa wa kalamu nene, rangi ya machungwa, kina harufu ya embe.

"Oya mwalimu, tupa hizo fegi. Vuta hii. Haina moshi, ni mvuke."

Nikavuta. Sikukohoa. Hakuna kilichonikwaruza kooni. Baada ya sekunde chache nikasikia mabega yangu yakishuka, ile hali niliyoitafuta siku tatu, imekuja laini kama maji ya uvuguvugu. Nikatazama kile kitu mkononi, na neno alilosema rafiki yangu likanirudia. Mvuke. Neno hilo kwetu lina historia.

Mimi ni mtoto wa Urambo, mkoa wa Tabora. Kwetu tumbaku ina majina mawili ya ukoo. Kuna tumbaku ya moshi, ambayo majani yake hukaushwa juu ya moto wa wazi mpaka yakawa meusi na kunuka moshi. Hiyo wanaijua zaidi watu wa Songea na Namtumbo. Na kuna tumbaku ya mvuke, yetu sisi. Hiyo hukaushwa ndani ya bani, nyumba ndefu ya tofali isiyo na madirisha. Moto huwashwa kwenye tanuri, joto likapita ndani ya mabomba yaliyotandazwa chini, na moshi wote ukatoka nje kwa dohani bila kugusa jani hata moja. Kinachojaa mle ndani ni joto, na unyevu unaoyatoka majani.

Babu yangu alifika Urambo kama kibarua wa skimu ya karanga. Serikali ya Uingereza iliianzisha mwaka 1947 katika Kongwa, Urambo na Nachingwea, ikiwa na ndoto ya kuwapatia Waingereza mafuta ya kula baada ya vita. Mapema mwaka 1951 ikatangazwa kwamba imeshindikana, baada ya kuteketeza pauni zaidi ya milioni 30. Babu alipenda kusimulia matrekta yaliyoachwa porini mpaka miti ikaota kati ya magurudumu. Ardhi ilikuwa imeshafyekwa, watu walikuwa wameshahamia, na kitu kilichojaribiwa badala ya karanga kikakubali: tumbaku ya mvuke. Ada zangu zote, kuanzia sare ya darasa la kwanza mpaka malazi ya chuo kikuu, zilitoka kwenye bani la baba.

Baba hajawahi kuvuta sigara hata moja. Lakini anajua jani kama wengine wanavyomjua mtoto wao. Sisi watoto tulifunga majani mabichi kwenye fito asubuhi yakiwa na umande, na wakati mwingine mmoja wetu alianza kusikia kizunguzungu akatapika. Mama alisema amelewa tumbaku, akampeleka kivulini. Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba hiyo ni sumu ya nikotini inayopenya kwenye ngozi iliyolowa. Mwili wangu ulikuwa umeshaionja kabla sijaijua sigara.

Nikiwa nimekaa na mguu juu ya mto na chombo cha rafiki yangu mkononi, nilianza kusoma. Kusoma ndiyo kazi pekee ambayo magongo hayakunizuia. Nilitaka kujua jambo moja: ulaini ule umetoka wapi?

Umetoka kwenye bani. Mapokeo ya North Carolina yanasimulia kwamba mwaka 1839 mtumwa mmoja kijana aitwaye Stephen, katika shamba la bwana mmoja wa ukoo wa Slade, alisinzia akiwa analinda moto wa kukaushia. Aliposhtuka akauchochea haraka kwa mkaa. Joto lile kali, lisilo na moshi, likayageuza majani kuwa ya rangi ya dhahabu. Wakulima wakaifuata njia hiyo, baadaye wakaongeza mabomba. Kumbe joto la namna hiyo hulifanya jani libaki na sukari yake, na jani lenye sukari hutoa moshi wenye asidi kidogo. Moshi wa tumbaku za zamani, za kiko na za biri, ulikuwa mkali kiasi kwamba mtu aliuchezea mdomoni akautoa. Moshi wa tumbaku ya mvuke haukwaruzi. Unaingia mpaka chini kabisa ya mapafu, na huko nikotini hukimbilia kwenye ubongo kwa sekunde chache.

Halafu ikaja mashine. James Bonsack wa Virginia alipata hataza yake mwaka 1881, na James Duke akaitumia kutengeneza sigara kwa maelfu, mashine moja ikifanya kwa siku kazi ya makumi ya mikono. Jani laini na mashine ya haraka vilipokutana, sigara ikawa kitu cha kila mtu. Babu yangu hakulijua jina la Duke, lakini Duke ndiye aliyemwandalia soko.

Mwaka 1950 Richard Doll na Austin Bradford Hill wakachapisha Uingereza utafiti wao kuhusu wagonjwa wa saratani ya mapafu na uvutaji. Doll mwenyewe aliacha kuvuta kabla hawajamaliza. Jibu la watengenezaji lilikuwa kulainisha zaidi. Zikaja sigara za kichujio. Mojawapo, Kent, iliuzwa Marekani kuanzia mwaka 1952 kama kinga ya afya, na mpaka mwaka 1956 kichujio chake kilikuwa na asbesto, madini ambayo yenyewe huleta saratani. Kisha zikaja sigara "nyepesi", zenye vitundu vidogo kwenye kichujio ambavyo mashine za kupimia hazikuviziba, lakini vidole na midomo ya wavutaji iliviziba. Kila mara mlango ulikuwa uleule: hii ni afadhali, hii ni laini, usiache, hamia huku.

Nikafika kwa Hon Lik. Huyu alikuwa mfamasia wa China, mvutaji mkubwa, na baba yake pia alikuwa mvutaji aliyekufa kwa saratani ya mapafu. Mwaka 2003 alisajili ubunifu wa sigara ya kielektroniki: betri, kimiminika chenye nikotini, na kifaa cha kukigeuza kuwa ukungu. Mmarekani Herbert Gilbert alikuwa amepata hataza ya kitu kinachofanana nacho mwaka 1965, lakini hakikuingia sokoni. Cha Hon Lik kiliingia, kwa jina la Ruyan, maana yake "kama moshi". Nilimpenda Hon Lik. Nilimwona kama mimi: mtu anayetafuta namna ya kutoka. Kisha nikasoma kwamba mwaka 2013 hataza zake zilinunuliwa na kampuni iliyo chini ya watengenezaji wa sigara, kwa dola milioni 75. Na kwamba yeye mwenyewe, alipohojiwa miaka ya baadaye, alikiri kuwa bado huvuta sigara za kawaida mara mojamoja.

Jambo lililonifanya nifunge kompyuta ni la mwaka 2015. Vyombo vya mwanzo vilikuwa na nikotini inayokwaruza koo, ndiyo maana wengi walivichoka. Mwaka huo ilianza kuuzwa Marekani chapa ya Juul. Kimiminika chake kilikuwa na nikotini iliyochanganywa na asidi, ikawa chumvi ya nikotini. Asidi inapunguza mkwaruzo, na mtu anaweza kuvuta dozi kubwa bila kukohoa. Kile cha rafiki yangu kilikuwa cha aina hiyo. Nilikisoma ubavuni: miligramu 50 kwa mililita. Ilikuwa ni ile hila ya bani la Stephen, na la baba yangu, imerudiwa maabara. Historia nzima ya tumbaku ni historia ya kuilainisha, na kila ilipolainishwa mlango wa kuingilia ulipanuka.

Sasa nifanyeje? Nina mguu, nina Desemba, na nina kitu pekee kilichonizuia nisishuke ngazi kwenda chini ya mwembe.

Nilirudi kwa daktari kabla ya tarehe yangu nikamwonyesha. Alikigeuzageuza. "Moshi umeutoka," akasema. "Kaboni monoksaidi inaondoka kwenye damu ndani ya siku moja hivi, na lami huivuti tena. Hiyo ni faida, sikunyimi. Lakini nikotini ni ileile, na inabana mishipa ileile. Umehama chumba, mwalimu. Hujatoka ndani ya nyumba." Alitaka nitumie bablishi za nikotini, nilizitafuta madukani nikazikosa, na kwa bei niliyotajiwa kwa simu nisingezimudu. Tukakubaliana kwamba sitagusa sigara, na nikotini nitaipunguza kwa ratiba.

Baadaye nilisoma utafiti wa Uingereza wa mwaka 2019 uliofuatilia watu 886 waliotaka kuacha. Katika waliopewa sigara za kielektroniki, asilimia 18 walikuwa hawavuti sigara baada ya mwaka. Katika waliopewa bablishi, viraka na vitu vya namna hiyo, asilimia 9.9. Karibu maradufu. Lakini katika hao waliofaulu kwa sigara za kielektroniki, wanne kati ya watano walikuwa bado wanavuta mvuke mwaka ulipoisha. Daktari wangu alikuwa amesema jambo hilohilo bila tarakimu.

Mwisho wa Septemba baba akaja. Soko la tumbaku lilikuwa limefungwa, na kabla ya kurudi kupandikiza miche alitaka kuuona mguu wa mwanawe.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Hebu nione."

Aliukagua mguu kama anavyokagua jani, kwa ncha za vidole. Kisha akakiona kile kitu cha rangi ya machungwa juu ya kitabu. Sikuwa nimewahi kumwambia kwamba navuta. Nikamweleza yote, hata uongo wa kwenye faili.

"Kwa hiyo hii nayo ni tumbaku?"

"Nikotini ya tumbaku, baba. Ila haina moshi. Ni mvuke tu."

"Mvuke." Akacheka mpaka akakaa. "Sisi tunalima ya mvuke miaka arobaini. Nyie mmeamua kuinywa kabisa."

Nilidhani yameishia hapo. Usiku, tukiwa tumezima taa, aliongea kutoka kwenye godoro lake. "Bani lina siku zake. Kuna siku za kuyageuza majani rangi, kuna siku za kukausha makonyo. Siku ya saba unazima moto. Ukiona vizuri moto unawaka ukaendelea kuchochea, unaunguza ulichokuwa unakitengeneza." Akanyamaza. "Wewe umeiwekea siku gani?"

Sikuwa nimeiweka. Nilikuwa na ratiba ya kupunguza, sikuwa na siku ya kuzima.

Wiki ile nilitafuta chombo cha kujaza mwenyewe, ambacho mtu anaweza kuchagua nguvu ya kimiminika, kisicho na chumvi. Kilinikwaruza, na nikafurahi kwamba kinanikwaruza. Nilianza na miligramu 12. Novemba nikashuka mpaka 6. Niliandika tarehe ya mwisho kwenye kalenda ya jikoni: Januari 31. Nilikuwa nimesoma pia juu ya wagonjwa zaidi ya 2,800 waliolazwa Marekani katika mlipuko wa mwaka 2019, 68 kati yao wakafa, wengi wakiwa wametumia vimiminika vya bangi vya mtaani vilivyochanganywa na mafuta ya vitamini E. Kwa hiyo sikununua chupa isiyo na lakiri, hata iwe rahisi namna gani.

Desemba daktari alichomeka picha tatu. Hakuniambia nitafute kitu. Katika ile ya tatu, pande zote mbili za ule mstari mweusi, kulikuwa na kivuli cheupe, kama wingu dogo lililotua juu ya mfupa.

"Hilo ndilo shamba," akasema. "Limeota."

Siwezi kuthibitisha ni nini hasa kilichoniponya. Mimi ni mtu mmoja, na mguu mmoja si utafiti. Huenda mfupa ungeunga pole pole hata hivyo. Ninachojua ni kwamba tangu wiki ile ya Septemba sijavuta sigara hata moja, na kwamba Machi nilipanda ngazi za shule bila gongo.

Januari 31 ilipita. Nilikuwa nimefika miligramu 3, nikajiambia ni kidogo sana, haina ubaya, inanisaidia kusahihisha madaftari. Nikachochea moto.

Kisha siku moja ya Aprili nilikuwa nafundisha kilimo cha kikoloni kidato cha tatu. Nilifika kwenye skimu ya karanga, nikaanza kusimulia matrekta ya babu, nikasikia harufu ya embe. Dirishani, mstari wa nyuma, kijana wa miaka 16 alikuwa ameinamisha kichwa ndani ya kola ya shati. Alikuwa hajawahi kuvuta sigara. Aliniambia hivyo baadaye na nikamwamini. Asingeweza kuivumilia fegi ya kwanza. Nilivyovumilia ya kwanza kwangu, nilikohoa mpaka machozi. Yeye hakukohoa hata kidogo. Mlango ambao mimi niliutumia kutoka, yeye alikuwa ameutumia kuingia.

Niliomba anipe. Aliniwekea mkononi bila ubishi, kisha akasema kwa sauti ya chini, pasipo ujeuri wowote, "Lakini mwalimu, si na wewe unayo?"

Ilikuwa mfukoni mwangu. Darasa zima lilikuwa linajua.

"Ninayo," nikasema. "Nilikuwa navuta sigara, nikavunjika mguu, na hii ikanitoa kwenye sigara. Nilijiwekea tarehe ya kuiacha na nikaipita. Leo ni tarehe nyingine."

Nikaviweka vyote viwili kwenye droo ya meza, cha kwake na cha kwangu, nikafunga kwa ufunguo. Kisha nikageukia ubaoni, kwa sababu kipindi kilikuwa kimebakiza dakika 20 na bado sikuwa nimewaeleza kwa nini skimu ya karanga ya Urambo ilishindikana.